Betri Iliyoanikwa Ikwiriri

Walisema sitaweza. Waliosema ni wengi, lakini aliyesema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara ni fundi redio mmoja wa pale stendi ya Kibiti, mtu aliyenijua tangu nikivaa kaptula ya shule kijijini kwetu Mahege.

"Jamani, njooni mumwone mzungu wa Mahege," alisema siku niliyofungua karakana yangu na kupigilia kibao mlangoni. "Katoka kwenye theluji, kaja kutengeneza betri za baridi. Kibiti hii! Mtani wangu, baridi ya Kibiti iko wapi, ndani ya soda?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia kwamba niwauzie kamba wa delta, maana hapa kwetu ni wao tu wanaoishia kwenye barafu.

Nilipigilia msumari wa mwisho. Nilikuwa na stashahada ya umeme niliyoipata kwa kubeba zege mchana na kusoma jioni. Nilikuwa na miaka sita ya kazi katika nchi ya kaskazini ya mbali, mahali ambapo nyumba ya jirani ni safari ya siku mbili juu ya theluji. Sikusomeshwa na mjomba wala sikubebwa na mtu. Kibiti nzima hakuna aliyefanya nilichofanya, na nayasema haya bila haya.

Huko kaskazini nilikuwa mtunza betri katika kituo cha kupimia hali ya hewa. Sitasahau asubuhi ya kwanza. Nilitoka nje na betri mpya, imejaa, nikaiunganisha kwenye mtambo, na kabla sijamaliza kukaza nati ya pili taa ya mtambo ikazimika. Nilisimama mdomo wazi mpaka meno yakauma kwa baridi. Nilidhani nimeiharibu, kwamba siku yangu ya kwanza kazini ndiyo ya mwisho. Mkubwa wangu akaichukua ile betri, akaiweka ndani ya kibanda kilichopashwa joto na jenereta, na baada ya chakula cha mchana ilikuwa nzima kama haijawahi kutokewa na kitu. Betri zote pale zilikaa ndani ya masanduku mazito yaliyojazwa sufu, ndani ya kile kibanda. Nikashika somo moja kwa mikono miwili: betri ya mahali pa baridi ifunikwe, na ikishafunikwa, ifunikwe tena.

Kwa somo hilo nilirudi nyumbani, na kwa somo hilo nusura nifedheheke.

Kazi yenyewe ilitoka kwa mkandarasi mmoja wa mawasiliano. Karibu na kilele cha Kilimanjaro alikuwa na mtambo mdogo unaopokea simu za upepo, zile redio za mkononi, za wapagazi na waongoza wageni na kuzirusha chini, ili mtu akiishiwa pumzi kule juu wenzake waweze kuita msaada. Mtambo ulitumia sola na betri. Mchana jua lilikuwa kali, usiku maji yaliganda ndani ya chupa, na masanduku ya betri aliyoyaleta kutoka nje yalikuwa yakifa moja baada ya jingine. Mpagazi alibonyeza simu yake na hakusikia kitu zaidi ya upepo.

Mhandisi wao, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye maneno machache, alikuja karakana akanieleza sharti lake akiwa amesimama mlangoni.

"Nitengenezee sanduku. Liweke kwenye baridi ya kugandisha siku kumi na nne. Liwashe taa usiku na mchana, na mchana lichajiwe na sola. Siku ya kumi na nne taa ikiwa inawaka, kazi yote ni yako. Ikizimika, naagiza kwingine."

"Andika kabisa jina langu," nilimwambia.

"Kwanza nione taa," alisema.

Nilitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Karakana ilikuwa haijaingiza mteja wa maana, na nilijua kwamba taa ikizimika, kibao changu kitashushwa, na watu wa stendi watasaidia kushika ngazi.

Sasa, baridi ya kugandisha Kibiti inapatikana kwa kina mama wenye friza. Nilikwenda kuazima. Wa kwanza alikuwa muuza maji ya baridi jirani na karakana. Wa pili alikuwa muuza juisi. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa kamba wa Nyamisati, upande wa delta, aliyenipa friza yenye harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakunja pua. Hizi tatu nilizibeba kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hadi karakana.

"Umeahidi kurudisha kabla ya mwezi mtukufu," alinikumbusha yule wa kamba, kidole kikiwa usoni pangu. "Ramadhani ikinikuta sina friza, nitakuja nikugandishe wewe."

Ya nne ilikuwa ya shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu Ikwiriri. Yeye hakukataa kuazima, ila alikataa ihamishwe.

"Friza yangu mzee," alisema. "Ukiitikisa itakata roho. Betri yako ije hapahapa barazani, miye nitaiangalia."

"Shangazi, usiiguse tu. Iache na baridi na taa, basi."

"Miye niguse betri yako? Hata sijui kuna kipi cha kugusa," alijibu, na tukacheka.

Nilitengeneza masanduku manne. Ndani nilijaza sufi ya kutoka Dimani, ileile tunayojazia mito, kwa sababu ni nyepesi na haipitishi baridi kirahisi, na kwa sababu nilitaka mtu asiseme nimeagiza kitu kutoka ng'ambo. Kila sanduku nililijaza sufi zaidi kuliko lililotangulia. La nne, la shangazi, lilishindiliwa mpaka kifuniko kikawa hakifungi bila kukaliwa. Kutoka kila sanduku nyaya mbili ndefu zilipita kwenye mpira wa mlango wa friza: moja ilikwenda kwenye paneli ya sola juu ya bati, nyingine kwenye taa ndogo iliyoning'inia nje. Friza sikuzifungua tena, kwa maana ukifungua unaingiza joto na kipimo kinakuwa cha uongo. Niliangalia taa tu. Najivunia nidhamu hiyo, ingawa ndiyo iliyonifumba macho.

Siku ya tatu taa ya friza ya kwanza ilizimika. Siku ya nne ikafuata ya pili, na siku ya tano ya tatu. Nilikaa juu ya ndoo katikati ya friza tatu zinazonguruma na taa tatu zilizokufa, nikajisikia kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona. Paneli zilikuwa juani, nyaya zilikuwa nzima. Betri zilikuwa zimetoa umeme wote na hazikupokea kitu.

Nikapanda basi la mchana kwenda Ikwiriri, moyo mzito.

Taa ya shangazi ilikuwa inawaka. Haikuwa imefifia hata kidogo, ilikuwa inawaka kama siku niliyoiunganisha.

"Shangazi! Haijazimika?"

"Izimike kwa nini?" alisema, akimenya ukwaju.

Nilikwenda tena siku ya saba alasiri, ikawa inawaka. Siku ya nane, alasiri vilevile, inawaka. Nikaishika ile taa kama anayeshika mkono wa mtoto wake aliyefaulu. Nikajiambia kwamba jibu limepatikana: ni wingi wa sufi. Yale matatu yalikuwa na sufi haba, hili lina sufi ya kutosha. Nikampigia mhandisi simu hapohapo barazani, na nilisema kwa sauti makusudi ili majirani wasikie. Nilimwambia siku nane. Nilimwambia hata huko kaskazini sikuwahi kuona kitu kama hiki. Nilimwambia sanduku langu litaandikwa vitabuni.

"Kesho nakuja kuona," alisema.

Kesho yake alifika Kibiti asubuhi, tukaingia kwenye gari lake. Shangazi sikumpigia. Nilitaka ashtuke kuona gari la ofisi likisimama mbele ya baraza yake. Njia nzima nilizungumza mimi peke yangu, hata ahadi ya kurudisha friza kabla ya mwezi mtukufu nikamweleza.

Tulishuka saa nne na nusu. Aliyeshtuka ni mimi.

Uani kwa shangazi, juani, kulikuwa na mkeka. Upande mmoja wa mkeka alikuwa ameanika mpunga, na upande wa pili ufuta kidogo. Katikati, kifuniko kimewekwa pembeni, lilikuwa sanduku langu. Betri zilikuwa nje, zimepangwa mstari mmoja, nyaya zake bado zimeunganishwa. Sufi yote ya Dimani ilikuwa imetolewa na kutandazwa kwenye ungo ili ipate jua kama sufi ya mto. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda na fimbo mkononi, anafukuza kuku.

Nilimwona mhandisi akiangalia betri, kisha friza, kisha mimi, na nilitamani ardhi ya Ikwiriri ifunguke nitumbukie na stashahada yangu.

"Karibuni," alisema shangazi. "Mbona hamkupiga hodi?"

"Shikamoo shangazi," nilisema. "Shangazi... unafanya nini?"

"Marahaba baba. Naanika betri."

"Kila siku?"

"Kila siku. Siku ya pili ile taa niliiona imelegea. Nikasema maskini, betri za mwanangu zinakufa kwa baridi. Nikazitoa nikazianika. Adhuhuri nikiisha kuswali nazirudisha. Hutaki?"

"Shangazi, nilikwambia usiguse!"

"Uliniambia nisiguse siku ile ilikuwa nzima. Mgonjwa haguswi?" Akamgeukia mhandisi. "Bibie, huyu mtoto weye unamjua? Kakulia nyumba hii. Betri za redio ya marehemu babu yake nani alikuwa anazianika juu ya bati, kama si yeye? Leo karudi kutoka Ulaya anauliza naanika nini."

Ni kweli. Hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kazi hiyo. Betri za tochi zikichoka, unaziweka juani, na jioni zinakupa nusu saa nyingine ya taarifa ya habari. Nilikuwa nimeifanya mara elfu. Na nilikuwa nimekwenda mwisho wa dunia nikaisahau.

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza, karibu nalia.

"Ukija unaikuta inawaka, unafurahi. Mtu akifurahi namwambia nini?"

Mhandisi hakucheka. Afadhali angecheka. Alikunja nguo yake vizuri, akachutama pembeni ya mkeka, akashika betri moja kwa kiganja chote. Akaikagua ile waya inayotoka kwenye paneli.

"Mama, ukizianika, hii waya unaitoa?"

"Siitoi. Yeye kaniambia nisiguse waya."

Mhandisi akasimama. Aliniambia maneno ambayo yaliniuma kuliko vicheko vyote vya stendi, ingawa aliyasema polepole.

"Blanketi halina joto. Joto ni la anayelala ndani. Wewe umeifunika maiti." Akatazama tarehe kwenye simu yake. "Zimebaki siku kumi na saba kabla ya Ramadhani. Nakupa hizo tu, zikiisha taa haiwaki naagiza kwingine. Na safari hii nafunga kwa kufuli langu mwenyewe."

Aliondoka. Mimi nilibaki nimekaa mkekani karibu na ufuta. Shangazi alinisogezea kikombe cha maji.

Nilipoacha kujihurumia ndipo nilipoona. Betri zile hazikuokolewa na jua peke yake. Jua lilizipasha moto, na zikiwa moto ndipo waya ya paneli ilipoweza kuzijaza. Betri ya lithiamu iliyoganda inaweza kutoa umeme, tena kwa shida, lakini haikubali kupokea, na ukiilazimisha unaiumiza. Kwa hiyo kule kwenye friza zangu tatu, mchana kutwa paneli zilikuwa zinasukuma umeme kwenye mlango uliofungwa. Shangazi alikuwa anaufungua kwanza. Anaanika, kisha inajaa, kisha anaifunika na sufi ikiwa bado na joto la jua, na sufi inalitunza joto hilo. Mpangilio wote ulikuwa sahihi. Nilichohitaji ni sanduku linalojianika lenyewe.

Siku tatu sikulala vizuri wala kula vizuri. Nilichukua waya wa kupashia joto kutoka kwenye pasi mbovu, nikaupunguza na kuuzungusha kwenye betri. Mara ya kwanza niliunguza sufi, karakana ikanuka kama mto uliochomwa, jirani akaja na ndoo ya maji. Mara ya pili nikaweka swichi ya joto, ile wanayotumia kwenye mashine za kutotoleshea vifaranga. Asubuhi jua likigonga paneli, umeme wote unakwenda kwanza kwenye waya wa joto. Betri zikifika uvuguvugu, swichi inahama, na umeme unaingia kwenye betri. Usiku sufi inakumbatia kilichopatikana mchana. Nilitengeneza manne, yote sawa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwaambia wenye friza kwamba bado nazihitaji.

"Friza yangu imekuwa kaburi la betri," alilalamika yule wa kamba kwenye simu. "Kamba wangu wako kwenye madumu ya barafu ya kununua, wewe unacheza."

"Dada, mpaka mkesha wa mwezi. Nikichelewa hata siku moja, chukua na paneli zangu."

"Paneli nile na wali?" aliuliza, lakini aliniachia.

Mhandisi alikuja akafunga makufuli manne, akaondoka na funguo. Kuanzia hapo sikuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kuangalia taa. Siku ya tatu, siku ambayo mwanzoni taa ya kwanza ilizimika, nilishindwa hata kunywa chai. Taa zote zikawaka. Siku ya sita mvua ilinyesha, wingu likakaa mchana kutwa, na taa moja ya karakana ikafifia mpaka nikaiona nyekundu. Niliikodolea macho bila kupepesa. Kesho yake jua lilitoka, na saa tano ilikuwa imerudi. Niliruka peke yangu ndani ya karakana, mtu mzima mwenye mvi, nikajigonga kichwa kwenye boriti.

Ikwiriri shangazi aliniambia amehamisha kigoda chake ili asiione friza. "Mkono unaniwasha," alisema. "Nikiiona nitavunja kufuli."

Siku ya kumi na nne mhandisi alifungua kwanza zile tatu za karakana. Taa zote zilikuwa zinawaka. Aliandika kwenye daftari. Nikatoa masanduku, nikaziosha friza kwa sabuni na ndimu, nikanunua barafu za mapande nikazijaza mpaka juu, nikapanda nazo kwenye kirikuu. Muuza maji alipata yake, na fidia ya siku zake. Muuza juisi alipata yake. Yule wa kamba alikuwa amekuja mwenyewe hadi njia panda kunisubiri. Aliifungua, akainusa, akashangaa.

"Umeitoa harufu yangu!" alisema. "Wateja watanijuaje?"

Ikabaki ya Ikwiriri. Mimi na mhandisi tulifika baada ya adhuhuri, taa ikiwa bado inawaka. Ile friza mzee ndiyo iliyokuwa na baridi kali kuliko zote, na mhandisi alijua hivyo. Alipofungua kufuli moshi mweupe ulitoka, na ndani sanduku lilikuwa limevaa barafu nene mpaka rangi yake haionekani. Tuligonga kifuniko kwa nyundo ndogo. Kilipobanduka, alivuta sufi pembeni, akaingiza mkono, na ghafla akautoa kana kwamba ameumwa na kitu.

Nilisogea kuchungulia.

"Ina uvuguvugu," alisema. Akaingiza tena, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Huku nje barafu, humu ndani kama kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi."

Nilikaa chini barazani. Miaka yote nimejisifu, na siku iliyostahili sifa nikaanza kuokota sufi iliyodondoka. Shangazi alikuja akachungulia sandukuni, akaona waya na ile swichi, akauliza ndiyo nini. Nikamweleza kwamba ndiyo inayoianika.

"Bila jua?"

"Jua liko juu ya bati, shangazi. Linapita kwenye waya."

"Na kuku hawaingii," alisema.

Mhandisi alitoa karatasi za makubaliano. Palikuwa na mahali pa kuandika jina la aliyebuni. Niliandika langu kwa herufi kubwa, kwa sababu nililistahili na bado nalistahili. Kisha nilishikilia kalamu. Nilikuwa nimewarudishia watu wote siku ile, kila mtu na chake, na nilijua vizuri kwamba mtu mmoja nilikuwa bado sijamrudishia chake. Nikamwita shangazi, nikamwonyesha nafasi iliyobaki mbele ya jina langu, mstari huohuo.

"Niandike nini?"

"Jina lako. Kazi ni yetu wawili."

"Miye naandika kwa zile za chuoni tu," alisema, akimaanisha herufi za Kiarabu alizofundishwa utotoni.

Mhandisi akasema ziandikwe zozote. Shangazi alifuta mikono kwenye kanga, akachutama, akaandika jina lake polepole kutoka kulia kwenda kushoto, likaja likakutana na mwisho wa langu. Kisha akanirudishia kalamu, akalitoa sanduku kwenye friza yake kwa mikono yake mwenyewe, akanikabidhi, na akaanza kupanga barafu za ukwaju ndani, za futari ya kesho.